Je, ni ugonjwa wa ukoo? Namna ya kuzisoma jeni na protini za Alzheimer kabla familia haijaingiwa na hofu

Mzee akishaanza kusahau majina ya wanawe, swali linalotangulia mengine yote ni hili: je, na sisi tutaupata? Limeulizwa nyumbani kwetu Tanga, na tangu nilipostaafu kufundisha baiolojia naulizwa na majirani pamoja na waliokuwa wanafunzi wangu, ambao sasa ndio wanaolea wazazi wao. Jibu lipo, na kwa familia nyingi ni jibu la kutuliza. Lakini hulipati kwa kukimbilia kupima vinasaba. Unalipata kwa kuuliza maswali kwa mpangilio wake, na mpangilio huo ndio ninaouandika hapa.

Mama yangu alianza kusahau akiwa na miaka sabini na kitu, akafariki akiwa na miaka 81. Baada ya msiba mtoto wa kaka yangu, anayeishi Minnesota, alinunua kipimo cha mate, na majibu yakaja yameandikwa e3/e4. Akayatuma usiku kwenye kundi la WhatsApp la familia bila maelezo yoyote. Kufika asubuhi mdogo wangu wa kike alikuwa ameshaamini kwamba ukoo mzima umehukumiwa. Niliwaeleza kwa utaratibu huu huu.

Anza na mgonjwa, jeni baadaye

Hakikisha kwanza ni Alzheimer kweli. Usahaulifu wa uzeeni una sababu nyingi, na baadhi yake zinatibika: tezi ya shingo iliyolegea, upungufu wa vitamini B12, kaswende ya zamani, VVU, sonona, damu inayovuja taratibu ndani ya fuvu baada ya kuanguka, hata vidonge vya usingizi au vya mzio ambavyo mzee anameza kila usiku. Asiyesikia vizuri naye huonekana amechanganyikiwa, kumbe swali halikumfikia. Viharusi vidogo vidogo vya shinikizo la damu huharibu kumbukumbu kidogo kidogo, na kwetu shinikizo lisilotibiwa limejaa majumbani. Shirika la Afya Duniani linasema watu milioni 57 walikuwa na demensia (kudhoofika kwa kumbukumbu na akili kunakoletwa na ugonjwa wa ubongo) mwaka 2021, na kwamba Alzheimer inachangia 60 hadi 70% ya wagonjwa. Waliobaki wana kitu kingine, au wana mchanganyiko.

Wala usikubali kuambiwa "huo ni uzee tu." Wilayani Hai, Kilimanjaro, watafiti waliwachunguza wazee 1,198 wenye umri wa miaka 70 na kuendelea. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2013 yalionyesha demensia kwa takriban 6.4%. Yaani zaidi ya wazee tisa kati ya kumi hawakuwa nayo, na wote walikuwa wazee.

Chora mti wa ukoo

Hii ndiyo kazi yenye faida kuliko zote, na haigharimu zaidi ya karatasi ya manila na kalamu. Mwanamume mchoree mraba, mwanamke duara, mgonjwa umtie wino ndani. Panda vizazi vitatu: wewe na ndugu zako, wazazi pamoja na ndugu zao, babu na bibi. Kwa kila mtu andika mambo mawili: umri alioanza kusahau, na umri aliofariki au alionao leo.

Umri wa kuanza ndio unaobeba habari. Watu hukumbuka mwaka wa msiba, lakini hawakumbuki mwaka ambao shangazi aliweka chumvi mara tatu kwenye mchuzi mmoja. Na wazee wetu wengi hawakuandikiwa tarehe ya kuzaliwa. Kwa hiyo usiulize "alikuwa na miaka mingapi?" Uliza: "Siku ya Uhuru, 1961, alikuwa mtoto wa kubebwa au msichana wa kutumwa dukani?" Kisha: "Alianza kupotea njia kabla ya Vita vya Kagera au baada yake? Nyerere alipong'atuka, 1985, alikuwa bado anakwenda shamba peke yake?" Zanzibar utatumia Mapinduzi ya 1964, Kenya utatumia Uhuru wa 1963 na jaribio la mapinduzi la 1982. Kwa maswali ya namna hii utapata umri kwa kukosea miaka mitatu au minne, na kwa kazi hii inatosha kabisa.

Usiulize pia kama marehemu alikuwa na Alzheimer, kwa kuwa hakuna aliyempa jina hilo. Uliza alichokuwa akifanya. Alirudia swali moja asubuhi nzima? Alimtuhumu mtu kumwibia khanga aliyoificha mwenyewe? Alitoka msikitini au kanisani akashindwa kurudi? Na tofautisha hali iliyokuja polepole kwa miaka na ile iliyomshika kwa siku mbili tatu, kwani kuchanganyikiwa kwa ghafla mara nyingi ni homa, maambukizi au kupungukiwa maji.

Ukitaka ukweli, nenda kwa wakaza mwana. Watoto wa mgonjwa walikuwa Dar es Salaam na Nairobi. Aliyembadilisha nguo na kumtafuta usiku ni mke wa mwana. Kwenye mti wetu, umri wa kuanza wa mama mkubwa niliupata kwa mke wa binamu yangu. Mwanawe mwenyewe aliniapia kwamba mama yake hakuwahi kuugua.

Utaambiwa pia kwamba fulani alirogwa. Usibishane. Andika mwaka aliopelekwa kwa mganga, maana huo ndio mwaka dalili zilipoonekana.

Mti ukikamilika, utazame kwa macho mawili. Ukiona wagonjwa wachache, walioanza baada ya miaka 65, wametawanyika huku ndugu zao wengine wamefika 90 wakiwa timamu, hiyo ndiyo Alzheimer ya kawaida, ambayo ni ya wagonjwa karibu wote duniani. Mti wetu uko hivyo: mama akiwa na miaka sabini na kitu, dada yake mkubwa baada ya themanini, na mjomba aliyefariki akiwa na 93 akisoma gazeti. Lakini ukiona mtu aliyeanza akiwa na miaka 40 au 50 na kitu, mzazi wake alianza umri huo huo, na karibu nusu ya ndugu zake wamefuata, hiyo ni habari nyingine. Familia hiyo imwone daktari bingwa wa mishipa ya fahamu ikiwa na karatasi yake mkononi.

Jeni tatu zinazoleta ugonjwa wenyewe

Mwaka 1901, mjini Frankfurt, daktari Alois Alzheimer alimpokea mwanamke wa miaka 51 aliyeitwa Auguste Deter, aliyekuwa akisahau hata jina la mumewe. Alipofariki mwaka 1906, Alzheimer alikata vipande vyembamba vya ubongo wake, akavitia rangi, akaona vitu viwili: madoa kati ya seli na nyuzi zilizosokotana ndani ya seli. Vitu hivyo viwili ndivyo tunavyovisoma mpaka leo. Madoa ni protini iitwayo amiloidi beta. Nyuzi ni protini iitwayo tau.

Amiloidi inatoka wapi? Juu ya ngozi ya seli za ubongo kuna protini ndefu iitwayo APP. Vimeng'enya viwili huikata kwa zamu, na kipande cha katikati ndicho amiloidi beta. Kikitoka na asidi amino (matofali yanayojenga protini) 40 husombwa kwa urahisi. Kikitoka na 42 hunata, na vipande vinavyonata hukusanyika hadi vikawa madoa. Ubongo wa kila mtu hutengeneza vyote viwili; tatizo huanza uwiano ukiharibika au usombaji ukizidiwa.

Ukishaelewa ukataji huo, jeni tatu zote zinaeleweka kwa pamoja. Ya kwanza, APP, iko kwenye kromosomu (uzi unaobeba jeni) ya 21 na ndiyo inayotoa ile protini inayokatwa. Hitilafu yake ya kwanza inayosababisha Alzheimer ilitangazwa London mwaka 1991. Ya pili na ya tatu, PSEN1 kwenye kromosomu ya 14 na PSEN2 kwenye kromosomu ya 1, zilipatikana mwaka 1995, na protini zake, presenilini, ndizo sehemu inayokata ya kile kimeng'enya cha pili. Kinachokatwa na kinachokata: hitilafu upande wowote hutoa vipande vinavyonata zaidi. Aliyerithi moja ya hitilafu hizi karibu kwa uhakika ataugua, kwa kawaida kabla ya miaka 65, na kila mtoto wake ana uwezekano wa nusu kwa nusu. Lakini familia za namna hii ni chache mno. Wagonjwa wa aina hii hawafiki hata 1% ya wagonjwa wote wa Alzheimer.

Kromosomu ya 21 inatukumbusha watu wenye hali ya Down, ambao wanazo tatu badala ya mbili, kwa hiyo wana nakala tatu za APP. Wakifika miaka 40 karibu wote wana madoa ya amiloidi, na wengi huanza kusahau wakiwa na miaka hamsini na kitu. Kama nyumbani kwenu yupo kaka au dada wa namna hii, na sasa anaacha kufanya mambo aliyoyamudu, kama kuvaa mwenyewe au kutaja majina, usiseme ndivyo alivyozaliwa. Mpeleke akachunguzwe. Nalisisitiza hili kwa sababu nimewaona wakiachwa, na ndio waliostahili kuangaliwa mapema kuliko wengine.

Familia iliyotufundisha zaidi iko Antioquia, Kolombia. Daktari Francisco Lopera aliifuatilia tangu miaka ya 1980: ukoo wa watu wapatao 6,000, takriban 1,200 kati yao wakibeba hitilafu moja ya PSEN1. Wenye hitilafu hiyo huanza kudhoofika kumbukumbu wakiwa na miaka 44 hivi, na kufika 49 wana demensia. Isipokuwa mwanamke mmoja, Aliria Rosa Piedrahita de Villegas. Yeye alikuwa na hitilafu ile ile, ila alikaa timamu mpaka alipokuwa na miaka sabini na kitu. Walipoupiga picha ubongo wake walikuta amiloidi imejaa kupita kiasi, lakini tau kidogo. Taarifa ilipotolewa mwaka 2019 ilieleza kwamba alikuwa na nakala mbili za badiliko adimu, linaloitwa Christchurch, kwenye jeni nyingine kabisa: APOE. Yaani mtu amebeba jeni inayoleta ugonjwa, na jeni ya pili ikamkinga kwa karibu miaka thelathini.

Tau ndiyo inayofuatana na dalili

Kisa hicho ndicho kinachonifanya nisisitize protini ya pili. Ndani ya mkono mrefu wa seli ya ubongo mna njia nyembamba za kusafirishia chakula na vifaa, na tau hushika njia hizo zisiachane, kama mataruma yanavyoshika reli. Fosfeti zikijirundika juu ya tau kupita kiasi, inaachia, inajisokota, na usafiri ndani ya seli unakwama hadi seli inakufa.

Amiloidi huanza kujikusanya miaka 15 hadi 20 kabla ya dalili ya kwanza. Tau husambaa baadaye, ikianzia karibu na sehemu ya ubongo inayohifadhi kumbukumbu mpya, ndiyo maana mgonjwa anasahau alichokula asubuhi huku akikumbuka harusi yake. Kiasi cha amiloidi hakikuambii vizuri mgonjwa yuko hatua gani. Mahali tau ilipofika kunakuambia. Kwa hiyo ukisikia "amekutwa na amiloidi", uliza mara moja: na tau je?

Jeni ya tau yenyewe iko kwenye kromosomu ya 17. Hitilafu zake huleta demensia ya aina nyingine, inayoanzia sehemu ya mbele ya ubongo kwa kubadilisha tabia.

APOE: namna ya kusoma e3/e4

Sasa turudi kwenye mate ya Minnesota. APOE iko kwenye kromosomu ya 19, na protini yake hubeba mafuta, kolesteroli ikiwamo, na ndani ya ubongo husaidia pia kuondoa amiloidi. Ina aina tatu kuu: e2, e3 na e4. Mnyororo wa protini hiyo una asidi amino 299, na tofauti ya aina hizo tatu iko katika nafasi mbili tu, ya 112 na ya 158. Kila mtu ana nakala mbili, moja ya baba na moja ya mama. Kwa hiyo e3/e4 maana yake mzazi mmoja alimpa e3 na mwingine e4. Haikuambii ni mzazi gani. Mdogo wangu aliihesabu moja kwa moja kuwa ya bibi yake, mama yetu, lakini mama hakuwahi kupimwa, na kijana ana mama yake mzazi pia, mwenye ukoo wake.

Mwaka 1993 watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke, akiwamo Allen Roses, walionyesha kwamba e4 ni nyingi zaidi kwa wagonjwa wa Alzheimer kuliko kwa wengine. Kwa watu wenye asili ya Ulaya, e4 moja huongeza uwezekano wa kuugua takriban mara tatu, na e4 mbili mara nane hadi kumi na mbili au zaidi. Nayo e2 hupunguza. Wagonjwa wengi hawana e4 hata moja, na wengi wenye e4 moja hufa wazee bila kuugua. Hii ni jeni ya hatari. Usiichanganye na zile tatu za juu, kwa sababu APOE inakuambia kitu kuhusu uwezekano, na zile tatu zinakuambia kitu kuhusu hatima. Hofu kubwa ninayoikuta kwa watu inatokana na kuzichanganya hizi mbili.

Kisha soma maneno haya tena: kwa watu wenye asili ya Ulaya. Tarakimu karibu zote zinazochapwa kwenye majibu ya vipimo vya mate zimetoka kwao. Mwaka 1992 ulianza utafiti mmoja mkubwa ukilinganisha Wayoruba wa Ibadan, Nigeria, na Wamarekani Weusi wa Indianapolis. Matokeo ya mwaka 2001 yalionyesha kwamba wagonjwa wapya wa Alzheimer kwa mwaka walikuwa 1.15% Ibadan na 2.52% Indianapolis, watu wa miaka 65 na kuendelea. Na hii ilitokea ilhali e4 si adimu kwa Wayoruba. Uhusiano wake na ugonjwa ndio uliokuwa dhaifu. Mwaka 2018 watafiti waliochunguza Wamarekani Weusi na watu wa Puerto Rico walikuta sababu mojawapo: e4 iliyokaa kwenye kipande cha kromosomu chenye asili ya Afrika huleta hatari ndogo kuliko e4 ile ile ikikaa kwenye kipande chenye asili ya Ulaya. Jirani za jeni nazo zina neno lao.

Hiyo haimaanishi Mwafrika amekingwa. Miongoni mwa Wamarekani Weusi jeni nyingine, ABCA7, imeonekana kuwa na uzito zaidi kuliko ilivyo kwa Wazungu, na kwa ujumla maeneo ya vinasaba yanayohusishwa na ugonjwa huu sasa yamepita 75, mengi yakiwa na athari ndogo ndogo. Inamaanisha kwamba karatasi ya kijana wetu ilikuwa imekadiriwa kwa kipimo cha watu wengine. Watafiti wa nchi kadhaa za Afrika, zikiwamo Tanzania, Kenya na Uganda, sasa wanakusanya sampuli za wazee wetu wenyewe. Ukiombwa kushiriki utafiti wa namna hiyo, na umeelezwa vizuri ukaridhika, mimi ningekushauri ukubali. Bila damu yetu kwenye hesabu, wajukuu wetu watasomewa tarakimu za wengine.

Kabla hujatema mate kwenye kichupa

Jiulize utafanya nini na jibu. Kama hakuna uamuzi utakaobadilika, una haki ya kutotaka kujua. James Watson, mmoja wa waliogundua umbo la DNA, vinasaba vyake vyote viliposomwa na kuwekwa hadharani aliomba sehemu ya APOE ifichwe, kwa kuwa bibi yake alikuwa na Alzheimer. Upande mwingine, utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2009 uliwafuatilia watoto wa wagonjwa walioambiwa majibu yao ya APOE pamoja na ushauri, na kwa jumla hawakupata msongo mkubwa wa kudumu kuliko wasioambiwa. Ushauri ndio uliofanya kazi. Kuletewa majibu kwenye simu saa nne usiku ni jambo jingine.

Fahamu pia kipimo kinachouzwa kwa watu binafsi kinaangalia nini. Kwa kawaida, kwa Alzheimer, huangalia APOE tu. Mtu ambaye mti wake wa ukoo unaonyesha wagonjwa wa miaka 45 asijifariji kwa jibu la e3/e3, maana PSEN1 haikuguswa.

Vipimo hivyo pia hulinganisha ndugu. Vinaweza kufichua kwamba baba si baba, au kwamba yuko kaka usiyemjua. Watu wetu wanalijua hilo kupitia vipimo vya Mkemia Mkuu wa Serikali, ambaye ndiye msimamizi chini ya Sheria ya Usimamizi wa Vinasaba vya Binadamu ya mwaka 2009, ila wakisikia "kipimo cha afya" wanasahau kwamba vinasaba ni vile vile. Na data yako inabaki kwenye kompyuta za kampuni. Mwaka 2023 taarifa za mamilioni ya wateja wa 23andMe ziliibwa, na mwaka 2025 kampuni hiyo ikaomba ulinzi wa mufilisi. Soma masharti, na kama unataka sampuli iharibiwe, iombe kwa maandishi.

Watoto wasipimwe. Ugonjwa ni wa watu wazima, na haki ya kuuliza ni yao watakapofika miaka 18. Na majibu yako usiyarushe kwenye kundi la familia. Nusu ya vinasaba vyako ni vya dada yako pia kwa wastani. Ukitangaza yako umetangaza sehemu ya yake. Mpigie mmoja mmoja, uulize kwanza kama anataka kusikia.

Kipimo cha protini ni kitu tofauti

Jeni hukuambia ulizaliwa na nini. Kipimo cha protini hukuambia kinachoendelea ubongoni sasa. Kwa miaka mingi ilibidi kuchukua maji ya uti wa mgongo au kupiga picha ghali sana. Mei 2025 mamlaka ya dawa ya Marekani iliruhusu kipimo cha kwanza cha damu kinacholinganisha aina ya tau iitwayo p-tau217 na amiloidi beta 42, kwa watu wa miaka 55 na kuendelea ambao tayari wana dalili. Angalia masharti yote mawili, umri na dalili. Hakikuwekwa kwa ajili ya mtu mzima mwenye akili timamu anayetaka kupiga ramli. Figo zikiwa na tatizo, p-tau huweza kupanda bila Alzheimer, kwa hiyo mwambie daktari historia yote.

Jeni na protini hukutana tena kwenye dawa. Lekanemabu, iliyopata kibali kamili Marekani Julai 2023, huondoa amiloidi, na katika majaribio ilipunguza kasi ya kudhoofika kwa 27% ndani ya miezi 18. Haiponyi, wala hairudishi kilichopotea. Hatari yake ni uvimbe au kuvuja damu ubongoni, na hapo APOE inahesabika: uvimbe ulionekana kwa 5.4% ya waliotumia dawa bila e4, na kwa 32.6% ya wenye e4 mbili. Kwa hiyo ndugu wa Ulaya au Marekani akikwambia anataka kumhamishia mzee huko akapate dawa hiyo, kipimo cha APOE kinafanywa kwanza, na hapo kina sababu. Inahitaji pia hatua ya mwanzo ya ugonjwa na picha za MRI za kurudia rudia. Mzee aliyekwisha kuhitaji kulishwa haimfai.

Ukiwa na e4, au usipojua

Mambo ni yale yale, na hapa nitakuwa mfupi kwa kuwa daktari wa zahanati anayajua. Tume ya jarida la Lancet ya mwaka 2024 ilikadiria kwamba takriban 45% ya demensia duniani inahusiana na sababu 14 zinazoweza kurekebishwa: shinikizo la damu, kisukari, kolesteroli mbaya, uvutaji, pombe nyingi, kutosikia na kutoona bila kutibiwa, upweke, majeraha ya kichwa, elimu ndogo utotoni na nyinginezo. Kijana wetu nilimwambia apime shinikizo, na avae kofia ngumu akiendesha baiskeli. Mdogo wangu nilimpeleka kupima sukari. Ilikuwa juu, na tangu hapo anatumia dawa. Sukari hiyo ilikuwa hatari kubwa kwake kuliko e4 ya mtoto wa kaka.

Likiingia suala la uchumba

Nalieleza kwa sababu limeletwa mlangoni kwangu. Kwetu Pwani posa ikija, wazee huchunguza ukoo: kuna kifafa, kuna wazimu, kuna ukoma? Siku hizi wanaongeza usahaulifu. Mama mmoja aliniuliza kama amzuie mwanawe kuoa kwa sababu bibi wa binti anapotea njia.

Nilimwomba achore mti. Bibi alianza akiwa na miaka 78 hivi, ndugu zake watano wako salama, mama wa binti ana miaka 60 na anaendesha duka lake na hesabu zake. Huo ni mti wa kawaida, unaofanana na wa ukoo wowote uliojaliwa kuwa na wazee. Kisha nikamwomba achore na wa upande wake mwenyewe, na tulipofika kwa baba mkwe wake alinyamaza, akaweka alama ya wino bila kuambiwa. Harusi ilifungwa baada ya Idi. Kama mti ungeonyesha wagonjwa wa miaka arobaini kwa vizazi vitatu, nisingesema posa ivunjwe; ningesema binti mwenyewe, kwa hiari yake na kwa siri yake, aonane na daktari bingwa kabla ya kupata watoto, na uamuzi wa kupima au kutopima ubaki wake.